Riba sifuri ya General Motors, Septemba 2001: nani aliilipa, na ilipitaje mikononi mwa mwenye yadi

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, biashara ya magari mapya nchini Marekani ilisimama. Watu walikaa nyumbani mbele ya runinga na yadi zikabaki na wauzaji wasio na wateja. Viwanda, hata hivyo, havizimwi kama taa. Wiki moja na ushei baadaye General Motors, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa wa magari kuliko wote duniani, ikatangaza mpango iliouita Keep America Rolling: chukua gari jipya, lipa kwa hadi miezi 60, riba asilimia 0. Ford na Chrysler zikafuata haraka. Oktoba ya mwaka huo mauzo yalipanda hadi kiwango ambacho, kama kingedumu miezi kumi na miwili, kingevuka magari milioni 21, ilhali mwaka mzima wa kawaida wa kipindi hicho ulikuwa na takriban milioni 17.

Fedha ya kukopesha ina gharama yake. Anayekukopesha kwa miaka mitano naye amekopa mahali, na analipa riba. Kwa hiyo asilimia sifuri haina maana kwamba riba haikuwepo. Ilikuwepo na ililipwa. Kisa hiki kinahusu nani aliyeilipa, kupitia mikono ipi, na kiasi gani kilidondoka njiani.

Mikono minne

Wa kwanza ni mtengenezaji, General Motors. Wa pili ni kampuni yake ya mikopo, GMAC, iliyoanzishwa mwaka 1919. Wa tatu ni mteja. Wa nne, ambaye wengi humsahau, ni mwenye yadi. Huyu hakuajiriwa na General Motors, wala si wakala anayeuza mali ya mwingine kwa kamisheni. Ni mfanyabiashara anayejitegemea, mwenye mkataba wa kuuza chapa fulani. Ananunua gari kutoka kiwandani kwa bei ya jumla, kwa kawaida kwa fedha ya kukopa, na likishafika kwake ni mali yake. Anamuuzia mteja kwa bei atakayoafikiana naye. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inamlinda mfanyabiashara huyu na kumzuia mtengenezaji mwenye mtandao wa yadi asimuuzie mteja gari jipya moja kwa moja.

Mambo mengi ya kisa hiki yanatokana na hapo. Mtengenezaji anatangaza ofa kwenye runinga nchi nzima, lakini hana mamlaka juu ya bei ambayo mteja atalipa mwishowe. Anaweza kuamua riba kwa sababu kampuni ya mikopo ni yake. Bei ya gari ni ya mwenye yadi.

Safari ya karatasi

Mteja akikaa mezani, anajaza fomu ya maombi ya mkopo. Yadi inaituma GMAC, nayo inaangalia rekodi ya madeni ya mteja na alama zake za kuaminika kukopeshwa, ambazo kwa mfumo wa FICO huanzia 300 hadi 850. Alama hizo zinamweka katika daraja. Riba sifuri kwa kawaida hutengewa madaraja ya juu tu. Wanaolisoma tangazo ni wengi kuliko wanaoipata ofa, na ndugu zetu waliohamia Minneapolis, Columbus au Dallas wanalijua hili kwa uchungu: mtu anaweza kuwa na kazi nzuri na asiwe na deni hata moja, lakini kwa kuwa hana historia ya kukopa Marekani, anaambiwa hakufuzu.

Akifuzu, mkataba haandikiani na GMAC. Anaandikiana na mwenye yadi. Kisheria huu ni mkataba wa kuuza kwa malipo ya awamu, na mkopeshaji wa kwanza ni yadi yenyewe. Kisha yadi inauza mkataba huo kwa GMAC, mara nyingi kwa masharti kwamba mteja akishindwa kulipa, hasara ni ya mnunuzi wa mkataba.

Hapa ndipo ruzuku inapoingia. Tuchukue mfano wa hesabu. Mteja anakopa dola 24,000 kwa miezi 48 bila riba, yaani rejesho la dola 500 kila mwezi. Riba ya soko kwa mteja wa aina yake tuseme ni asilimia 6 kwa mwaka. Ahadi ya kupokea dola 500 mara 48, ikipimwa kwa riba hiyo, ina thamani ya dola 21,290 leo. Hakuna benki yenye akili timamu itakayoinunua kwa 24,000. GMAC, hata hivyo, inampa mwenye yadi dola 24,000 kamili. Pengo la dola 2,710 linazibwa na General Motors, ambayo inailipa GMAC fedha hiyo mwanzoni kabisa, bila kungoja riba ya mwezi hadi mwezi.

Mwenye yadi hajapoteza chochote. GMAC nayo haiandiki 2,710 kuwa faida ya siku hiyo: inazigawa kidogo kidogo kwa miezi 48, na kwenye vitabu vyake mkopo unaonekana kuzaa asilimia 6 kama mwingine wowote. Aliyebeba mzigo ni mtengenezaji, na kwake hilo ni punguzo la bei lililovaa nguo za riba. Kwa kuwa yeye huandika mauzo siku gari linapoondoka kiwandani kwenda yadi, ahadi ya ruzuku inapunguza mapato yake hata kwa magari ambayo bado hayajapata mteja.

Muda wa mkopo unaigeuza gharama kuliko watu wanavyodhani. Kwa dola zilezile 24,000 na riba ileile ya soko, sifuri ya miezi 36 inamgharimu mtengenezaji dola 2,086. Ya miezi 60 inamgharimu 3,310. Akipandisha riba ya miezi 60 kutoka sifuri hadi asilimia 2.9, gharama inashuka hadi karibu dola 1,750, chini hata ya ile sifuri ya miaka mitatu. Ndiyo maana matangazo mengi hutoa sifuri kwa muda mfupi na asilimia mbili au tatu kwa muda mrefu. Bajeti ya nyuma yake ni moja, imekatwa kwa namna tofauti.

Kitu kingine kinachoiyumbisha gharama ni riba ya soko yenyewe. Mkopo wetu wa miezi 48 ukipimwa kwa asilimia 4, ruzuku ni dola 1,856. Ukipimwa kwa asilimia 8, ni dola 3,519. Mwaka 2001 upepo ulikuwa mzuri: Benki Kuu ya Marekani ilikuwa inashusha riba yake ya msingi mwaka mzima, kutoka asilimia 6.5 mwanzoni mwa Januari hadi 1.75 mwezi Desemba. General Motors ilitoa ahadi kubwa wakati ambapo ahadi hiyo ilikuwa inazidi kuwa nafuu. Hali hiyo haikudumu, na tutaona.

Kwa nini hawakushusha bei tu?

Swali hili ni la haki. Kama gharama ni dola 2,710, si wangepunguza bei kwa kiasi hicho na mambo yakaisha?

Kwanza, bei ikishushwa ni kazi kuipandisha tena, lakini ofa ya riba ina tarehe ya mwisho. Pili, bei mpya ikishuka, magari yaliyotumika ya aina hiyohiyo yanashuka nayo, na kampuni ya mikopo ina maelfu ya magari iliyoyakodisha ikiwa imekadiria yatauzwa kwa bei fulani yakirudi. Riba nayo hugusa soko la mitumba, ila kwa siri zaidi. Tatu, punguzo la bei ya jumla linaishia mfukoni mwa mwenye yadi ikiwa hataki kumpa mteja, na mtengenezaji hawezi kumlazimisha. Nne, wanunuzi wengi hawapimi bei. Wanapima rejesho la mwezi. Kwa mkopo wa dola 24,000 wa miezi 60, rejesho la dola 400 badala ya 464 linaeleweka papo hapo, na neno "sifuri" halihitaji kikokotoo.

Kulikuwa na sababu nzito kuliko zote hizo. Mkataba wa General Motors na chama cha wafanyakazi cha UAW ulikuwa na utaratibu wa kuwalipa wafanyakazi hata kiwanda kisipokuwa na kazi, na kampuni ilibeba pensheni na matibabu ya wastaafu wengi. Mishahara ilifanana na kodi ya nyumba: unalipa uwe umelala ndani au hukulala. Katika hali hiyo, kuuza gari kwa faida ndogo, au hata kwa hasara kidogo, kuliumiza kidogo kuliko kufunga kiwanda. Wanaoilaumu General Motors kwamba ilitupa fedha wanapaswa kuanza na hesabu hii.

Panapovuja

Ruzuku inatoka kwa mtengenezaji ikiwa kamili. Haimfikii mteja ikiwa kamili.

Mteja aliyekuja Agosti angeweza kubishana hadi dola 24,000 zikawa 23,000. Mteja wa Oktoba anaambiwa kwamba kwa riba sifuri bei haiguswi. Kwa mkopo wa miezi 60 mtengenezaji amelipa 3,310, lakini 1,000 zimebaki yadi kupitia bei. Hakuna sheria iliyovunjwa, maana mwenye yadi ameuza mali yake kwa bei aliyotaka. Wanauchumi Meghan Busse, Jorge Silva-Risso na Florian Zettelmeyer walipima jambo la karibu na hili na kuchapisha mwaka 2006: mtengenezaji akimpa mteja punguzo la fedha taslimu lililotangazwa hadharani, mteja hubaki na asilimia 70 hadi 90 ya faida yake, akimpa mwenye yadi punguzo ambalo mteja halijui, mteja huambulia asilimia 30 hadi 40. Tofauti ni taarifa. Riba sifuri iliyotangazwa kwenye runinga inamlinda mteja kwa sababu anaijua, lakini inalinda upande wa riba tu.

Mfereji wa pili ni ofisi ya mikopo ya yadi, chumba ambacho mteja huingizwa baada ya kukubali gari. Ili kuielewa, angalia kwanza mkopo wa kawaida usio na ruzuku. Mkopeshaji anaiambia yadi kwamba mteja huyu anastahili asilimia 6. Yadi inaruhusiwa kumwandikia zaidi, kwa kawaida hadi pointi 2 au 2.5 juu, na kuchukua sehemu kubwa ya ziada hiyo. Kwa dola 24,000 za miezi 60, kutoka asilimia 6 hadi 8 ni dola 22.64 kila mwezi, sawa na dola 1,358 kwa muda wote. Katika mkopo wenye ruzuku mlango huo umefungwa: riba imewekwa na mtengenezaji, na yadi hupewa ada maalum tu kwa kila mkataba.

Kwa hiyo mapato hutafutwa kwingine. Waranti ya ziada, dawa ya kulinda rangi, bima ya kufidia pengo kati ya deni na thamani ya gari. Bidhaa za dola 2,400 zikiingizwa kwenye mkopo wa sifuri wa miezi 60 zinaongeza dola 40 tu kwa mwezi, na mteja aliyefurahia 400 haoni shida kulipa 440. Zipo zenye manufaa, ila ziamuliwe kwa bei yake kamili, zisiamuliwe kwa rejesho. Gari la zamani analolitoa mteja kama sehemu ya malipo nalo hukadiriwa chini kimyakimya. Na yupo muuzaji atakayemwambia mteja aliyefuzu kwamba hakufuzu, ili amwandikie mkopo wenye riba ya kuongezwa.

Dawa yake inajulikana. Maliza bei ya gari kwanza, kwa maandishi, pamoja na kodi na ada zote, kabla hujataja namna ya kulipa. Gari lako la zamani lijadiliwe peke yake, ukiwa tayari umelipatia bei sehemu nyingine. Njoo na barua ya mkopo kutoka benki yako au chama cha akiba na mikopo, na alama zako uzijue kabla ya kuambiwa na mtu mwingine.

Mwenye yadi naye ana hatari zake. Ofa huwa na orodha ya aina za magari, mwaka wa muundo na siku ya mwisho, na kila gari hutambuliwa kwa namba yake ya chesisi. Akimkabidhi mteja gari ambalo halimo, au akampa riba sifuri pamoja na punguzo la taslimu ilhali masharti yanataka mteja achague moja, mtengenezaji akija kukagua atazikata fedha za ruzuku kwenye akaunti ya yadi, hata miezi baadaye. Akimwachia mteja gari kabla mkataba haujanunuliwa na GMAC, na GMAC ikaukataa, amebaki na deni na gari lililotumika.

Mbona basi wenye yadi walikuwa na furaha? Kwa sababu ya kasi. Gari aliloligharamia kwa mkopo wa dola 22,000 wa asilimia 6 linamla dola 110 kila mwezi likiwa limesimama. Likikaa miezi minne, dola 440 zimeyeyuka. Ofa iliyoondoa magari yadini kwa wiki chache ilimwokoa huko.

Riba sifuri au fedha taslimu?

Ofa za namna hii mara nyingi humpa mteja chaguo: riba sifuri, au punguzo la taslimu ajitafutie mkopo mwenyewe. Tuseme punguzo ni dola 2,000. Wa kwanza anakopa 24,000 bila riba kwa miezi 60 na kulipa 400. Wa pili anakopa 22,000 kwa asilimia 6 na kulipa 425.32. Mwishoni wa kwanza amelipa 24,000, wa pili 25,519. Sifuri imeshinda, na ingeshinda punguzo lolote lililo chini ya dola 3,310.

Lakini hiyo ni kwa anayefika mwisho. Wamarekani wengi hubadilisha gari mapema, na faida ya riba sifuri hujengeka pole pole wakati punguzo la taslimu hupatikana siku ya kwanza. Akilimaliza deni baada ya mwaka mmoja, mwenye punguzo atakuwa ametumia jumla ya dola 23,214 dhidi ya 24,000 za mwenzake. Wanalingana kati ya mwezi wa 21 na wa 22. Gari likiharibika kabisa kwenye ajali ndani ya miezi hiyo, mwenye riba sifuri ndiye anayedaiwa zaidi. Kwa hiyo kwanza jiulize utalishika gari muda gani. Na ukishachukua sifuri, usilipe mapema. Fedha ya ziada iweke mahali inapozaa.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuuliza kwa nini haoni ofa za aina hii kwenye yadi ya mtaani kwake. Jibu liko kwenye asili ya gari. Toyota iliyotoka Japani ikiwa na miaka saba ilishamlipa mtengenezaji wake zamani, kwa mnunuzi wa kwanza. Hana sababu ya kumlipia riba mnunuzi wa tatu. Ruzuku hufuata kiwanda chenye magari mapya ya kuondoa.

Deni lililosogezwa mbele

Mauzo ya Oktoba 2001 yalikuwa ya kweli, ila sehemu yake ilikopwa kwa miezi iliyofuata. Mtu aliyepanga kununua gari Machi alinunua mapema. Mtengenezaji akafika Machi bila mteja huyo, na njia nyepesi ya kumpata mwingine ilikuwa kuirudia ofa. Wanunuzi wakajifunza kusubiri. Mwaka 2005 General Motors ilikuwa imefika mahali pa kumpa kila mteja bei ya mfanyakazi wake.

Mwezi Mei mwaka huohuo shirika la kupima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, S&P iliishusha General Motors, pamoja na Ford, chini ya daraja la uwekezaji, yaani kwenye kundi la wakopaji wa hatari. Rudi sasa kwenye hesabu yetu. Kampuni ya mikopo inayokopa kwa bei ya juu inahitaji ruzuku kubwa zaidi kwa ahadi ileile ya sifuri. Ili kuiokoa GMAC na daraja hilo, General Motors iliuza asilimia 51 ya hisa zake kwa kundi lililoongozwa na kampuni ya uwekezaji ya Cerberus, mauzo yaliyokamilika mwishoni mwa 2006. Tangu hapo bomba la kupitishia ruzuku halikuwa lake tena.

Gharama ya hilo ilionekana Oktoba 2008. Masoko ya fedha yalipokauka, GMAC ilitangaza kwamba itawakopesha wenye alama 700 na kuendelea tu. General Motors ingeweza kutangaza riba yoyote iliyotaka; mteja mwenye alama 680 hakuwa na mahali pa kuipatia, na mwenye yadi hakuwa na wa kumuuzia mkataba. Mwishoni mwa Desemba serikali ilipoipa GMAC mtaji, kiwango kikashushwa hadi 621, na papo hapo General Motors ikarudisha ofa za riba sifuri kwa baadhi ya magari. Haikutosha. Juni 1, 2009 kampuni iliomba kinga ya mufilisi.

GMAC ikawa Ally mwaka 2010. Mwaka huohuo General Motors mpya, ikiwa imetoka mahakamani mwaka uliotangulia, ilitoa dola bilioni 3.5 kuinunua AmeriCredit, kampuni ya mikopo ya magari ya Fort Worth, Texas, na kuipa jina la GM Financial, ili ipate tena mlango wake wa kupitishia riba hadi kwa mwenye yadi.